Swali la Embe

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kemia na Baiolojia, na alikuwa na nyumba mbili, yetu ya Jang'ombe na ya pili Mpendae. Alilala siku mbili kwetu na siku mbili kwao, na katika zamu hizo hakuna aliyemkuta na kosa, si mama yangu, si mke mwenzake. Akileta sukari kwetu, ujue na Mpendae imeshafika, kilo kwa kilo. Akinunua samaki mkubwa alimpasua palepale sokoni, na mama akikipokea kipande chake hutazama kwanza kama kina kichwa au kina mkia. Kikiwa na mkia, alinyamaza jioni nzima.

Watu wakimsifu. Mwanamme muadilifu, wakisema, kama huyu wamebaki wachache. Mimi uadilifu huo ulikuwa ukinichoma, maana kule Mpendae alikuwepo binti wa umri wangu, na chochote nilichopewa mimi kilikuwa na pacha wake. Nilimpita miezi michache tu. Viatu vyangu vya Idd vikiwa vyekundu, na vyake vyekundu. Nikisifiwa kwa kuhitimu juzuu, nilijua wiki hiyohiyo na yeye atatafutiwa jambo lake asifiwe, hata liwe la kufua soksi. Mimi ni mtu wa wivu na sioni haya kulisema. Kuna watu wana roho ya kwa nini wakaificha kwa kucheka cheka. Yangu iko usoni, na mama alikuwa akinambia kwamba nikinuna, hata paka huhama chumba.

Nilichokitaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka baba anijue mimi mbali na yule. Anitazame anione mimi, asione mmoja katika wawili.

Tulipofika kidato cha tano, sote tulichukua mchepuo mmoja, Fizikia, Kemia na Baiolojia, ingawa skuli zetu zilikuwa mbalimbali. Mimi niliuchagua mchepuo huo kwa ajili ya baba, nikidhani hapo ndipo nitakapompata peke yangu. Siku mama alipoleta habari kwamba na wa Mpendae kachagua huohuo, niliiacha sahani yangu ya wali nikaenda kujifungia chooni, maana ndiko kulikokuwa na mlango wenye komeo.

"Kwa nini asichukue Historia?" nilimwambia mama kupitia mlangoni.

"Muulize babaako," mama akajibu. "Na utoke, kuna watu wanataka kukoga."

Masomo ya kidato cha tano na cha sita hayana mchezo. Huku chini mtu anaweza kukariri akafaulu, lakini kule juu kukariri kunakufikisha nusu ya njia, halafu kunakutupa. Kila somo lina mambo yake machache ya msingi. Ukiyashika, mengine yanakuja yenyewe, na usipoyashika utasoma mpaka macho yakuume na huambulii kitu. Baba aliyaita mafiga. Ondoa figa moja, akisema, chungu kinamwagika, tena kinamwagikia miguuni mwako.

Darasani walisema ni mkali. Nyumbani alikuwa mwengine kabisa. Baada ya Magharibi hukaa mkekani ukumbini, akavua kofia akaiweka juu ya goti, akaagiza vitu vya jikoni. Tuletee unga, tuletee siki, tuletee kijiko cha mamaako kile kikubwa. Mama akilalamika kwamba jiko lake limegeuzwa maabara, lakini alivileta.

Siku ya osmosisi aliagiza embe bichi, kisu, chumvi na pilipili ya unga. Alilimenya, akalikata vipande vyembamba kama wanavyofanya wale wauzao nje ya skuli, akanyunyizia chumvi na pilipili, kisha akanambia tungoje. Baada ya muda sahani ikajaa maji.

"Maji haya nimeyatia mimi?" akauliza.

"Hukutia, Baba."

"Basi yametoka wapi?"

Akanieleza kuwa embe limejengwa kwa seli, na kila seli ina ngozi nyembamba inayopitisha maji lakini haipitishi kila kitu, na maji hukimbilia kule kwenye chumvi nyingi. Nilimsikiliza huku nakula ule mfano wake, maji ya embe yakinichirizika mpaka kwenye kiwiko. Halafu swali likanitoka bila ya kulipanga.

"Na likishasinyaa hivi, Baba, nikalitia kwenye maji matupu ya mfereji, litarudi lilivyokuwa?"

Baba alinyamaza. Akaichukua kofia yake kutoka gotini akaivaa. Wengine wakifurahi hucheka au hupiga makofi, baba yangu akifurahi huvaa kofia. Aliamka mwenyewe kwenda kuchota bakuli la maji, tukavitia vile vipande, tukakaa mimi na yeye tunavitazama mpaka Isha ikaadhiniwa. Vingine vilikakamaa tena, vingine vilibaki teketeke.

"Ukiliwahi linarudi," akasema. "Ukilichelewesha, seli zinakuwa zishakufa, hapo hata ulitie kisimani." Kisha akaongeza, "Hilo ni swali la mtu anayefikiri."

Nililala na maneno hayo. Kesho yake zamu ilikuwa ya Mpendae, na nilipomwona anatoka na mkoba wake, nilikwenda jikoni kutazama kama katika maembe ya mama kachukua la kupeleka huko.

Sasa, baba alikuwa na ugonjwa wake mmoja, usahaulifu. Hakusahau somo, wala hakusahau aliyosema. Alichosahau ni kamwambia nani. Alikuwa na wanafunzi wa asubuhi, wa tuisheni ya jioni, na binti wawili wa mchepuo mmoja katika nyumba mbili. Bibi, mama yake yeye baba, alikuwa akisema mwanawe huyo kila nyumba ana kandambili ya mguu mmoja.

Nililigundua hilo siku aliyorudi kutoka Mpendae, mama akamtengea chakula, naye akasema, "Nshakula." Neno hilo mama alilichukia kuliko tusi. Alifunika sahani, akaondoka. Baba akanigeukia mimi, uso umemchangamka.

"Lile swali lako la nyumba ya harusi nimelitumia leo darasani," akasema. "Wanafunzi wangu wote kimya. Hakuna hata mmoja aliyeweza kulijibu."

Mimi sikuuliza swali lolote la harusi. Nilielewa mara moja limetoka kwa nani, na roho ikaniuma. Niliweza kusema, Baba, si mimi, ni yule. Lakini hebu fikiri. Sifa imekosea njia, imeingia nyumbani kwetu yenyewe, halafu mimi niibebe kwa mikono yangu niipeleke Mpendae. Sina wazimu.

"Ahsante, Baba," nikasema.

"Basi msawazo umeshaushika," akasema, "twende mbele kwenye hesabu zake."

Na msawazo, mada hiyo ya Kemia, sikuushika. Sikuwahi kuusikia kwake. Nilikaa palepale nikifuatisha hesabu za jambo nisilolijua, natikisa kichwa. Ikawa ndiyo mtindo wetu. Kama ulivyoniuliza juzi, atasema, nami nitatikisa kichwa. Unakumbuka ule mfano wa mshumaa, nami nitakumbuka mshumaa ambao haukuwaka nyumbani kwetu hata siku moja. Nilipokea kila sifa iliyopotea njia, na kila sifa ilikuja na somo ambalo sikufundishwa.

Kilichonitesa zaidi ni huyo mwenzangu kichwani mwangu. Usoni nilikuwa nikimwona Idd kwa Idd tu, lakini kichwani nilikaa naye kila jioni ya zamu yao. Nilimwona kapiga goti mbele ya baba, anauliza mambo mazito, chai inapoa, baba anavaa kofia, anavua, anavaa tena. Nilimpa akili ambazo hata walimu wangu hawakuwa nazo. Nikifungua kitabu cha Kemia nafikiri, huu ukurasa yeye kashaumaliza. Nikilala mchana nafikiri, sasa hivi yeye yuko macho.

"Wewe unasoma," mama aliniuliza siku moja, "au unamsoma mwenzio?"

Fizikia ndiyo niliyoisoma kwa amani, kwa sababu baba hakuijua. Nguvu, mwendo, umeme, vyote nilivisoma na shoga zangu skuli, mmoja wetu akisimama ubaoni kutupigia pindi, wengine tukimkosoa. Nikikosea nilikosea langu mwenyewe. Hakukuwa na mtu Mpendae anayelijua zaidi kwa sababu kalala nyumba moja na mwalimu.

Mtihani wa majaribio wa kidato cha sita ulinivua nguo. Karatasi ya Kemia ilikuwa na swali kubwa la msawazo, ule mmenyuko unaokwenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Niliandika kwa kujiamini kuwa ukishafika msawazo, vitu vya upande huu na upande ule vinakuwa sawasawa, kipimo kwa kipimo. Nani angenifundisha vyengine, mimi niliyelelewa na sukari ya kilo kwa kilo? Mwalimu wetu alinirejeshea karatasi mbele ya darasa. "Binti wa mwalimu," akasema, "msawazo umeugeuza mizani ya dukani." Darasa likacheka na mimi nikacheka nao, kwa kujikaza.

Nilimwonesha baba ile karatasi kwa sababu sikuwa na pa kuificha. Aliisoma, akalifikia lile swali, akainua uso.

"Lakini hili wewe ndiye..." akaanza, asimalize. Alinitazama kwa muda kama mtu anayetafuta ufunguo wake kwenye mfuko usio wake. "Umechoka," akasema. "Pumzika mwanangu."

Angenipiga ningeona nafuu. Maana sasa alikuwa ananijua kweli mbali na yule, lakini ananijua kama mtu aliyesahau. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia. Nikianguka Kemia, udaktari nausahau, na hiyo ndiyo picha atakayobaki nayo ya mimi. Na nikitaka kumwomba anifundishe upya, sharti niseme sikufundishwa, na nikisema hivyo, sifa zote nilizozipokea zitafungasha na kurudi kwa mwenyewe. Maji yalinifika shingoni, na bado neno halikunitoka.

Ijumaa moja baada ya sala nilichukua vitabu nikaenda kwa Bibi, Mji Mkongwe. Alikuwa akikaa ghorofani, katika nyumba ya zamani yenye ngazi za mbao zinazolia kila ukikanyaga. Hiyo ndiyo nyumba pekee ambayo watoto wa huku na wa kule walikuwa na haki nayo sawasawa. Nilikwenda kutafuta kimya. Kwa Bibi kulikuwa na dirisha moja linalopata upepo, na dirisha hilo tangu udogo wangu nililihesabu langu.

"Hodi."

"Karibu," Bibi akaitikia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umetukumbuka? Mwenzio anakuja kila Ijumaa."

Yule wa Mpendae alikuwa keshakaa dirishani pangu. Buibui lake kalikunja vizuri mapajani, kitabu cha Baiolojia kiko mbele yake. Alinyanyuka.

"Karibu, Dada."

Sikupenda kuitwa dada na mtu mrefu kuliko mimi. Nilikaa mbali, nikafungua Kemia, nikajitia kusoma. Bibi alituwekea mihogo ya nazi katika sahani moja, kwa makusudi, kwa sababu namjua, halafu akaingia chumbani kusali sala zake za sunna akauacha mlango wazi. Yule dirishani alikuwa hageuzi ukurasa. Nilimchungulia mara kwa mara, ukurasa ni uleule, nikasema moyoni huyu anaringa, anataka nione anavyozama. Mwisho akakifunga kitabu.

"Dada," akasema, "mimi osmosisi siijui."

Nilidhani ananicheza shere.

"Wewe?"

"Mimi. Naisoma humu, naikariri, nikigeuzwa swali kidogo inanipotea."

"Si una baba wa kukufundisha?"

"Baba hakunifundisha. Alikuja siku moja akanambia, lile swali lako la embe limenifurahisha sana, nimewahadithia walimu wenzangu. Mimi sikuuliza swali la embe." Akatazama nje ya dirisha. "Nikasema ahsante."

Nilihisi masikio yamepata moto. Embe langu. Bakuli langu la maji, tulivyokaa mpaka Isha. Sifa yangu moja ya kweli, ile niliyolala nayo, imekwenda Mpendae kwa miguu ya baba mwenyewe, ikapokewa na mtu ambaye hata maji ya embe hayakumgusa.

"Lile swali langu," nikasema.

"Nnajua ni lako. Litakuwa la nani mwengine?"

"Ukajua ni langu na ukalila?"

"Na langu la harusi liko wapi?" akaniuliza.

Nikaigeukia sahani ya mihogo. Chumbani Bibi, aliyekuwa katikati ya sala na hawezi kusema, alikohoa kwa nguvu. Yule akaanza kucheka, mkono mdomoni. Mimi sikucheka. Mimi bado nilikuwa na hasira za embe.

Kidogo kidogo yakatoka mengine. Mshumaa ulikuwa wake, mimi sikuuona. Kijiko cha mama kilikuwa changu, yeye hakukijua. Baba alikuwa ametugawia mafiga kama alivyotugawia samaki, huyu kichwa, huyu mkia, tena bila ya kujua kuwa kapasua. Kila mmoja alikuwa na nusu ya chungu. Na kila mmoja alinyamaza kwa sababu ileile. Yeye pia, alisema, alikuwa akiniona kichwani mwake kila siku ya zamu yetu, nimekaa na baba nauliza maswali. Nilimwuliza nilikuwa nauliza maswali gani. Akasema, "Magumu." Nisiwe mwongo, hilo lilinifurahisha.

"Nipe harusi, nikupe embe," nikasema.

"Anza wewe."

"Aka. Wewe ndiye uliyefungua mlango, anza."

Bibi alitoka na tasbihi mkononi. "Mnauziana nini humu?"

"Masomo, Bibi."

"Basi shusheni bei," akasema, akachukua kipande cha muhogo akarudi chumbani.

Akaanza yeye. Alikaa akakunja mguu, akaweka kitambaa juu ya goti pale pale baba anapoweka kofia, na sijui kama alijua anafanya hivyo. "Jirani kuna harusi," akasema. "Mwanzo wageni wanaingia tu, hatoki mtu. Baadaye waliokwishakula wanaanza kuondoka. Inafika wakati, kila akiingia mmoja anatoka mmoja. Ukichungulia ndani, watu ni walewale kwa wingi, ukadhani mambo yamesimama. Kumbe mlangoni wanapishana, hawajasimama hata kidogo. Huo ndio msawazo."

"Na swali lako?"

"Nilimuuliza, mbona tunauita msawazo na ndani wamo wengi kuliko nje? Akanambia kinacholingana ni mwendo wa mlangoni, watu si lazima walingane."

Nilielewa. Mwaka mzima wa kutikisa kichwa ukaondoka kwa maneno ya mtu mmoja anayekula muhogo. Na papo hapo roho ikaniuma upya, maana alikuwa anazungumza kwa sauti ya baba, anapumzika pale baba anapopumzika, na niliiona jioni nzima ya Mpendae ambayo sikuwemo. Nikamfikiria baba na mlango wa Jang'ombe na mlango wa Mpendae, miaka yote ile anaingia na kutoka, na sisi tunahesabu sukari. Hilo sikulisema, lilikuja na machozi.

Nikampa embe. Nilimweleza chumvi, nikamweleza ngozi ya seli, maji yanakokimbilia, na kwa nini ukilichelewesha halirudi. Nilimfundisha vizuri, sikumpunja. Ila ile habari ya swali la mtu anayefikiri nilibaki nayo mwenyewe. Kwani nani kasema lazima nitoe vyote?

Tukawa tunakutana kwa Bibi kila Ijumaa mpaka mtihani. Usidhani tulikuwa tunasaidiana. Tulikuwa tunabadilishana, tena kwa kupimiana. Hukutoa figa mpaka ulipokee figa. Akinieleza jambo kwa ufasaha nilikasirika, nikirudi nyumbani nalisoma mara mbili ili Ijumaa ijayo nimwoneshe kosa lake. Yeye pia alikuwa hivyohivyo, ila mwenzangu kajaaliwa uso wa kuficha. Na baba hatukumwambia, si mimi si yeye. Kila mmoja alikuwa bado anakula sifa ya mwenziwe na hakutaka kuitapika.

Majibu yalipotoka mtandaoni, sisi tulikuwa nyumbani, mama ananitwangia habari za subira huku mwenyewe kashika simu kichwa chini miguu juu. Baba hakuwa kwetu, wala hakuwa Mpendae. Zamu siku hiyo ilikuwa yetu, ila nilikuja kujua baadaye kuwa alibaki skulini kwake kwa makusudi, ili asiyafungulie majibu katika nyumba yoyote. Simu ikalia. Nilipoipokea nikasikia pumzi ya mtu mwengine kabla ya sauti ya baba. Alikuwa katuunganisha sote wawili kwenye simu moja ili asiwepo wa kusikia mwanzo.

"Mko nyote?" akauliza.

"Naam, Baba," tukajibu pamoja.

"Alhamdulillahi. Mmefaulu nyote wawili."

Nyote wawili. Maisha yangu yote ni maneno hayo. Mama alipiga kigelegele, na kwa mbali katika simu nikasikia kigelegele chengine, cha Mpendae, na mama naye akakisikia akaongeza chake. Nilikuwa na furaha, sikatai, na katikati ya furaha nilikuwa nataka kuuliza nani kapata zaidi Kemia. Baba alikuwa bado anasema.

"Kuna jambo wenzangu hapa wananiuliza," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilishawahadithia swali la embe. Leo wanauliza, ni yupi katika hao mabinti zako? Nimekaa nafikiri. Ukumbi naukumbuka, lakini kila nikiukumbuka unakuwa wa nyumba zote mbili. Nani kati yenu aliyeniuliza?"

Mama alikuwa kanikodolea macho, hajui kuna nini. Mimi sikuweza kusema ni mimi. Kitu nilichokitaka tangu nijue kutaka kilikuwa kimesimama mbele yangu. Nilikuwa na hakika yule atasema ni yeye. Mimi ningesema.

"Dada," akasema yule. "Embe ni la Dada."

"Ala," baba akasema. "Na la harusi?"

Nilifumba macho. "Ni lake," nikasema. "Mimi sijawahi kuuliza, Baba. Ulinisifu bure."

Baba akanyamaza. Kile kimya mimi nakijua, hata kwenye simu. Nilijua mkono wake umekwenda kwenye goti.

"Kumbe wewe ndiye," akanambia. "Ulikuwa na gauni la skuli bado hujabadilisha. Maji ya embe yamekufika kiwikoni na hukujifuta, unaniuliza huku unatafuna. Nikasema moyoni, hili ni swali la mtu anayefikiri. Nililiweka hilo, mwanangu. Sikujua tu niliweke nyumba gani."

Mama aliniuliza nalia nini, nikamgeuzia mgongo. Nilitaka simu iishie hapo. Nilitaka abaki na mimi hapohapo, na gauni langu na kiwiko changu, asiongeze hata herufi.

"Na wewe wa harusi," baba akaendelea, sauti imemchangamka, "ulikuwa umekaa mlangoni, umejifunga kanga ya mamaako ya manjano..."

Wivu ukanipanda upya, uleule, mzima kama alivyonizaa nao mama. Kanga ya manjano. Kakumbuka mpaka rangi. Kidole changu kilikuwa juu ya kile kitufe chekundu, na nikamsikia yule wa Mpendae anavyovuta pumzi kuzuia kilio.

Sikukata simu.